Viti vya Kuazima

Huayllapata, Apurimac
28 Desemba 2010

Kwa mama yangu wa ubatizo, Mama Eudocia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lima. Sisi hapa hatujambo. Mvua zimeanza na barabara ya chini imeshakatika mara moja, lakini basi bado linapanda Jumatatu na kushuka Alhamisi, na barua hii nitampa dereva.

Ningeweza kukupigia simu. Ila simu iko dukani kwa Mzee Fortunato, na wewe unajua watu wanavyonunua chumvi wasiyoihitaji mtu akiwa anaongea na Lima. Mimi nikisikilizwa sauti inakauka. Kwenye karatasi naweza.

Mama, nimemaliza shule. Nimekuwa wa kwanza darasani. Tulikuwa tisa tu, kwa hiyo usifikiri ni jambo kubwa sana. Mwalimu Wilber, kabla hajaenda likizo, aliniita akaniambia kuna ufadhili unaoitwa Mfuko wa Masomo wa Nyanda za Juu. Unamlipia mtu chuo kikuu miaka mitano, chakula na malazi humo humo. Ni kwa watoto wa familia maskini waliomaliza shule mwaka huu. Ukikosa mwaka huu, mwakani si wako tena. Nataka kusomea udaktari wa mifugo. Sijamwambia mtu isipokuwa Mama na Mwalimu, na sasa wewe.

Wanataka cheti cha shule, insha ya kurasa mbili, na barua ya mtu anayeheshimika anayenijua. Halafu mtu wao atakuja kukagua nyumba, aone tunavyoishi. Cheti ninacho. Insha nimeianza. Nimeandika kuhusu ile baridi ya Julai iliyoua watoto kumi na mmoja wa alpaka wetu wa sufu, na jinsi wa kumi na mbili nilivyomwingiza ndani ya sketi yangu, nikakaa naye mpaka akapata joto na kunikojolea. Mwalimu alisema, andika jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako mwenyewe.

Kuhusu barua ya mtu anayeheshimika, Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema, Eudocia. Hakuna mwingine kutoka hapa aliyefika ofisini. Je, utaniandikia?

Mama hajui kuandika, kwa hiyo ameketi hapa ananitajia maneno. Anakusalimu, simbilisi wa jikoni wameongezeka, na ile shali uliyomletea anaivaa kanisani tu.

Binti yako wa ubatizo,
Marleni Ccahuana


Lima
8 Januari 2011

Marleni mwanangu,

Marahaba. Wa kwanza kati ya tisa ni wa kwanza. Hata mngekuwa wawili ningetangaza hapa ofisini, na nimetangaza.

Barua yako iko humu ndani, kwenye karatasi ya kampuni, na mhuri. Isome lakini usiikunje tena. Nimesema mimi ni Eudocia Taipe, msimamizi wa ofisi ya Larrañaga na Wanawe, na kwamba nakujua tangu nilipokushika juu ya maji ya ubatizo. Ulipiga makelele mpaka padre akaruka sala moja, ila hilo sikuliandika.

Sasa nisikilize, maana mama yako ni mpole na Mwalimu Wilber ni kijana, hawajakaa na wakubwa. Mimi nimekaa nao miaka kumi na tisa. Najua wanavyokula, najua wanavyosema mlango ukishafungwa. Mtu akija kwao analia, wanampa sarafu na kumwonyesha njia. Akija amenyooka, nguo imepigwa pasi, wanamwambia keti. Wanampa aliye nacho, mwanangu. Sikutunga mimi, ndivyo walivyo.

Kwa hiyo hiyo insha ya kukojolewa na alpaka, itie motoni. Unataka waanze kukunusa kabla hawajakuona? Andika ndoto zako. Andika kwamba utalitumikia taifa. Andika kwamba unaye mama wa ubatizo mwenye cheo Lima, ambaye ndiye nguzo yako, wajue hukuota tu kama uyoga.

Na huyo mkaguzi asikute moshi na simbilisi wakipita kati ya miguu yake. Nyumba ipambwe. Nakutumia pazia, la maua, halijatoboka popote. Usiniaibishe, jina langu limo humo.

Mama yako wa ubatizo,
Eudocia


Huayllapata
26 Januari 2011

Mama Eudocia mpendwa,

Barua imefika bila kukunjamana na pazia limefika pia. Nakushukuru. Mama aliigusa ile barua pembeni tu, kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi.

Insha nimeiandika upya. Nimesema nitalitumikia taifa. Nimesema pia: "Nguzo yangu ni mama yangu wa ubatizo, msimamizi wa ofisi mjini Lima." Nimeisoma mara tatu na sijioni ndani yake, lakini labda ndivyo insha nzuri zilivyo. Ile ya kwanza sijaitia motoni. Samahani. Nimeiweka chini ya godoro.

Ombi lote limeshafika Abancay, na mkaguzi atakuja wiki ya pili ya Februari. Habari imetoka sijui kwa nani, maana mimi sikusema. Wewe unajua mgeni wa mbali akija nyumba moja hapa, amekuja nyumba zote. Mzee Fortunato alisema hawezi kuona mtu wa serikali anakunywa soda ya moto kwa binti wa marehemu rafiki yake, na jana friji yake ilikuja mgongoni kwa watu wawili, imefungwa kamba kama ng'ombe. Shangazi Delia ameleta cherehani. Kanisa limetoa viti sita vya plastiki. Bwana Saturnino, ambaye mwaka huu ndiye hakimu wa kijiji, ameleta televisheni, na amekuja mara mbili kuangalia kama tunaifunika. Mwalimu Wilber alimwachia Mama ufunguo wa chumba chake, na mama mwenye nyumba wake amesema tuchukue jiko la gesi, Mwalimu hatakasirika.

Nilimuuliza Mama, mkaguzi akidhani ni vyetu? Mama akaniambia kitu cha kuazima hakitajwi mbele ya mgeni. Ukikitaja umemvua shali aliyekuazima. Bibi yangu, anasema, aliwahi kumpokea askofu kwa kitanda cha watu, na askofu alikufa hajui.

Tumelitundika pazia lako kwenye mlango wa jikoni, pale moshi unapotokea. Limependeza.

Binti yako,
Marleni


Lima
1 Februari 2011

Marleni,

Friji! Fortunato huyu huyu aliyeninyima barafu nilipovunjika jino? Mwambie mama yako nimecheka mpaka wenzangu wa ofisini wakaja kuuliza.

Vizuri sana. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Mkaguzi akifika asikae bila chakula, na mtu asimjibu kwa kulalamika. Wewe nyoosha mgongo. Najua aibu yako, ukiulizwa unaangalia viatu. Siku hiyo angalia usoni.

Eudocia


Huayllapata
9 Februari 2011

Mama Eudocia,

Alikuja jana asubuhi. Ni kijana wa mjini, Bwana Urrutia, viatu vimejaa tope mpaka juu. Mama alimkalisha kwenye kiti cha kanisa akampa supu, kisha simbilisi mzima wa kukaanga na viazi. Baada ya supu alisema ameshiba. Mama akamtazama tu, naye akala.

Mzee Fortunato alikuwepo, eti kupita kutusalimu. Alikaa karibu na friji kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Bwana Urrutia alikuwa na fomu yenye visanduku. Akauliza kama friji inafanya kazi. Mama akamwambia, "Inagandisha, baba. Subiri upewe soda." Akauliza kama tunapikia gesi. Mama akalitazama jiko la Mwalimu Wilber. "Lipo hapo, baba, unaliona." Hakusema ni letu, wala hakusema si letu. Akauliza cherehani anashona nani, na Mama akasema mikono ya wanawake wa hapa haikai bure. Kila akijibiwa anatia alama. Jikoni kwenyewe, kule kwenye mafiga, hakuingia. Alilitazama pazia akasema maua mazuri.

Baba mmoja wa mtaa wa juu alipita mlangoni akamwambia Mzee Fortunato, "Leo umehama na friji yako?" Watu walimkoholea mpaka akaondoka.

Mimi nilisimama karibu na mlango. Niliangalia usoni kama ulivyosema, mara mbili. Bwana Urrutia aliponiaga alishukuru kwa chakula. Hakuniuliza neno jingine.

Leo vitu vimerudi kwa wenyewe, isipokuwa pazia. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Marleni


MFUKO WA MASOMO WA NYANDA ZA JUU
Ofisi ya Abancay
3 Machi 2011

Kwa Bi. Marleni Ccahuana Llamocca,

Tunakujulisha kwamba alama zako za shule zimekubaliwa. Hata hivyo, kutokana na ukaguzi wa tarehe 8 Februari, nyumba yenu imewekwa katika kundi la kaya zisizo maskini, kwa sababu ya vifaa vilivyoonekana (friji, jiko la gesi, televisheni, cherehani) na kwa sababu mwombaji ametaja kwa maandishi mtu wa kumtegemeza mwenye ajira ya ofisini Lima. Kwa hiyo ombi haliwezi kuendelea.

Unaweza kukata rufaa hadi tarehe 31 Machi kwa kuleta: (a) matamko ya wenye vifaa, ikiwa si vyenu, (b) tamko kuhusu kazi ya kweli ya Bi. Eudocia Taipe na kama anakulipia chochote, liwe limeandikwa na mwajiri wake au na yeye mwenyewe kwa alama ya kidole. Matamko yote yagongwe mhuri na hakimu wa kijiji. Rufaa isiyokamilika haitapokelewa.

Katibu


Huayllapata
9 Machi 2011

Mama Eudocia mpendwa,

Nimekunakilia barua yao yote nyuma ya karatasi hii, isome kwanza halafu urudi hapa.

Umesoma. Nilimsomea Mama siku hiyo hiyo. Jioni aliniambia niiache. Alisema hawezi kwenda kwa watu waliombebea vitu mgongoni na kuwaambia waandike kwamba hatuna. Nikamwambia basi nitakwenda mimi. Alinitazama kama nimesema nitaruka.

Nimekwenda, Mama. Nyumba zote tano. Kwa Shangazi Delia nililia kabla sijaingia, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Mwalimu Wilber amerudi, yeye alitia sahihi amesimama, na alikasirika, si kwa ajili ya jiko. Aliniomba aione insha niliyoituma. Alipoimaliza aliuliza iko wapi ile ya alpaka. Padre alitia sahihi kwa ajili ya viti, ingawa viti hawakuvitaja, alisema heri kuzidi kuliko kupungua. Mzee Fortunato ndiye alikuwa mgumu. Duka lilikuwa limejaa. Alisema, "Kwa hiyo friji yangu ndiyo iliyokunyima chuo? Mimi nilikupa heshima, wewe unaniletea karatasi?" Nilisimama pale. Sikuondoka. Sijui nilisimama muda gani. Mwishowe alisema, "Lete kalamu, unawazuia wateja."

Limebaki lako tu. Najua wewe huwezi kunilipia chuo. Kazi ya ofisini nayo ina nyumba yake ya kutunza, kodi na mengine. Sema hivyo tu. Bosi wako aandike cheo chako na kwamba hunisaidii kwa fedha. Litume na basi la Jumatatu. Bwana Saturnino unamjua, hagongi mhuri kabla hajasoma karatasi kwa sauti mbele ya mashahidi, hata lake la televisheni alilisoma mwenyewe akijiita "mtajwa." Kwa hiyo lako pia atalisoma, na watu watafurahi kulisikia jina lako.

Tarehe ya mwisho ni 31. Nitashuka Abancay mwenyewe.

Binti yako,
Marleni


Lima
17 Machi 2011

Marleni,

Nimepokea. Hao watu hawana adabu, kwenda kwa mtu, kula simbilisi wake na kumwandikia hivyo.

Hapa kuna shida kidogo. Bosi amesafiri na mhuri ameufungia kabatini. Labda wiki ijayo. Usihangaike, jambo la haki halipotei.

Msalimie mama yako.

Eudocia


Huayllapata
22 Machi 2011

Mama Eudocia,

Tafadhali isome tena karatasi niliyokunakilia. Imesema mwajiri wako au wewe mwenyewe. Huhitaji bosi. Huhitaji kabati. Ni karatasi moja, mistari mitatu, na kidole chako. Ukiiweka kwenye basi itafika Jumatatu tarehe 28. Bwana Saturnino ameahidi kugonga mhuri siku hiyo hiyo.

Sijawahi kukuomba kitu mara mbili.

Marleni


Huayllapata
2 Aprili 2011

Mama Eudocia,

Jumatatu nililisubiri basi barabarani. Dereva alishuka akanionyesha mikono yake mitupu kabla sijauliza.

Alhamisi nilishuka Abancay hata hivyo. Mwanamke wa dirishani ni mtu mzuri. Aliyahesabu matamko, akasema binti, hapa pana matano. Nikamwambia la sita liko njiani. Akaniuliza njia gani. Aliniweka kwenye benchi mpaka saa ya kufunga, labda basi jingine lingelileta, na alipofunga dirisha alinirudishia bahasha yote. Alisema alama zangu zilikuwa za pili katika mkoa mzima. Sijui kwa nini aliniambia.

Sikuulizi chochote. Nakuarifu tu.

Marleni


Lima
14 Aprili 2011

Marleni,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara hii naandika bila kusoma nyuma.

Hakuna ofisi. Haijawahi kuwepo. Larrañaga na Wanawe ilikuwa kampuni ya marehemu mume wa bi mkubwa wa nyumba hii, ilikufa pamoja naye, na zilibaki karatasi zake droo nzima na mhuri. Mimi ni mpishi wao na mfuaji wao. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, na chumba changu ni kile cha nyuma karibu na pipa la kufulia. Waliokuja kuuliza ninacheka nini, siku ya friji, ni mbwa.

Mwaka wa kwanza niliporudi kwa sikukuu, Fortunato aliniuliza mbele ya watu, "Haya, binti wa Taipe, Lima umepata nini?" Nikasema ofisi. Neno moja. Nilidhani nitalisahihisha mwaka unaofuata.

Ulipoomba tamko nilimwendea bi mkubwa. Nilimwambia ni mistari mitatu. Alisema akiandika kwamba niko kwake, watamuuliza kwa nini hajawahi kuniandikisha popote, na kama nataka kumpeleka mahakamani niseme tu. Nikasema sitaki. Nikarudi kuosha vyombo. Yeye simlaumu sana, hakukushika wewe juu ya maji.

Lakini lile la kidole ningeweza. Huna haja ya kuniambia, nilisoma mara ya kwanza. Nililiandika. "Mimi Eudocia Taipe ni mtumishi wa nyumbani na simlipii Marleni chochote." Niliweka kidole. Nililitia kwenye bahasha, nikaenda nalo mpaka kituo cha basi Jumapili, nikasimama kwenye foleni. Halafu nikamwona Saturnino akilini. Nikamwona amevaa miwani, anasafisha koo, mama yako amekaa mbele, Fortunato yuko nyuma anasubiri. Zamu yangu ikafika, mtu wa mizigo akasema, "Mama, unatuma au hutumi?" Nikatoka kwenye foleni.

Nilijua basi linaondoka na nafasi yako. Sitasema sikujua.

Na yote niliyokufundisha, ya kunyoosha mgongo, ya kupiga pasi, mgongo niliouona ulikuwa wa wageni wa bi mkubwa, nikiwa nyuma yao na sinia. Niliona wanaambiwa keti. Nilidhani ni kwa sababu ya nguo.



Eudocia


Huayllapata
27 Aprili 2011

Mama Eudocia,

Barua yako nilimsomea Mama yote, kwa sababu ananisubiri nikisoma na sijui kuruka maneno. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya. Nilipofika kwenye pipa la kufulia alisema, "Tulijua."

Nikamuuliza alijua nini. Akasema kila mtu anajua, tangu ile sikukuu ya Septemba ulipocheza na ukavua glovu kwa sababu ya joto, na watu wakaiona mikono yako. Ngozi imeliwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Nani hapa hajui mkono wa kufua? Shangazi Delia anajua. Saturnino anajua. Mzee Fortunato anajua kuliko wote, na ukitajwa ndiye wa kwanza kusema "msimamizi wetu." Tamko lako lingesomwa na hakuna ambaye angegeuza kichwa. Wangemwambia Saturnino asome haraka, mvua inakuja.

Nikamuuliza Mama kwa nini basi hakuna aliyekuambia miaka yote hiyo. Akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Kitu cha kuazima, akasema, hakitajwi. Nikamwambia huyu si askofu, ni Eudocia wa hapa hapa. Akasema mtu anayekuja siku tatu kwa mwaka ni mgeni.

Kwa hiyo ofisi yako ilikuwa kama friji, Mama. Kijiji kizima kilikuwa kimeibeba mgongoni, na wewe umekaa karibu nayo unailinda.

Nilitaka kuishia hapo ili uumie. Lakini nami nilikuandikia uongo, na sitaki kuwa na wangu chini ya godoro. Nilikuambia Bwana Urrutia hakuniuliza neno. Aliniuliza. Nilimsindikiza mpaka kwenye tope, na alisimama, akafungua fomu juu ya goti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, niambie ukweli, vitu vile ni vyenu?" Alikuwa ameona alama za kamba kwenye friji. Kalamu ilikuwa mkononi. Alikuwa ananifungulia mlango. Nikageuka, nikamwona Mzee Fortunato mlangoni kwetu, na Mama nyuma yake, na pazia lako. Nikaangalia viatu. Nikasema, "Ni vya hapa nyumbani, bwana." Akasema haya, akatia alama ya mwisho.

Kwa hiyo nilipokwenda nyumba zile tano sikuwa jasiri. Nilikuwa nalipia neno nililolisema mimi. Na nilipokuandikia kwa hasira kwamba ni karatasi moja tu na kidole, nilijua jinsi ilivyo ngumu kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuandikia hivyo hivyo.

Hilo halitusaidii, wewe wala mimi. Nafasi ilikuwa ya mwaka huu.

Sasa ninafanya kazi dukani kwa Mzee Fortunato. Alikuja mwenyewe kumwomba Mama, nadhani ndiyo namna yake. Nauza soda kutoka friji ile ile, na mtu akipiga simu Lima mimi ndiye ninayesimama karibu na kuhesabu dakika. Watu wananunua chumvi. Nimezoea. Mwalimu Wilber amewaleta wasichana wawili wanaomaliza Desemba, ninawasaidia insha jioni. Jambo la kwanza ninalowaambia ni mkaguzi akija waache moshi utoke. Mama zao hawapendi. Mmoja ameshamwambia binti yake asinisikilize, kwamba mimi nilikosa kwa sababu ya kiburi.

Insha ya alpaka bado ninayo. Sina wa kumpelekea. Nakutumia wewe, pamoja na pazia. Tumeliondoa, jikoni panahitaji hewa.

Mama ameketi hapa na ananiambia niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie aje Septemba kwa sikukuu kama kawaida. Mwambie asivae glovu. Kiti chake kipo."

Nimeyaandika kwa sababu ameniamuru. Lakini viti tulivirudisha kanisani. Ukija utakaa chini kwenye ngozi ya kondoo, pale tunapokaa sisi.

Marleni